Kombe Huzaliwa Tupu

Nchi yenyewe siitaji jina. Ukiitambua, meza mate unyamaze. Usipoitambua, shukuru Mungu na uendelee na shughuli zako. Mimi nataka kusimulia habari za makombe ya baharini tu, haya ya konokono, mazuri ya kupamba juu ya kabati. Sina ugomvi na mtu, wala sijatumwa.

Nilikuwa Naibu Mkurugenzi wa Jumba la Makombe la Taifa. Usicheke. Wenzetu wana majumba ya mikuki ya mababu, wengine ya sarafu, sisi tuna makombe, kwa sababu kiongozi wetu anapenda kuokota makombe. Cheo chake ni Mwokotaji Mkuu. Ujanani aliokota kombe moja ufukweni, likampendeza, akaokota la pili, akaendelea mpaka akauokota ufuo wote, na alipoona mkono haujachoka akaiokota nchi nzima.

Kila wilaya ilitakiwa kumletea kombe kila mwaka, pamoja na zile za bara ambazo hazina bahari hata ya kuchora ukutani. Hao wa bara walikuwa wanafika asubuhi mlango wa nyuma, wananunua kombe dukani kwetu, wanazunguka, na mchana wanalikabidhi mlango wa mbele kwa ngoma na vigelegele. Kulikuwa na dondo moja, lile kombe la mviringo lenye madoadoa ambalo washona kofia hulainishia kitambaa, nalo lilikuwa na kovu ubavuni. Nimelipokea kwa heshima za taifa mara nyingi mpaka tukazoeana.

Mkurugenzi wangu alikuwa Bi. Zaituni Mzale. Alikwenda kusomea viumbe vya baharini ng'ambo, na huko, maskini, akapata maradhi ya kusema anachokijua. Alinifundisha mimi, ambaye niliajiriwa kwa sababu najua kukunja bendera vizuri.

"Faki," aliniambia siku za mwanzo, "kombe si jiwe. Kombe ni nyumba. Konokono huijenga mwenyewe, inatoka mwilini mwake, anaizungusha kidogo kidogo tangu utotoni, na karibu zote huzungukia kulia. Umeona dondo linavyong'aa? Akiwa hai huitoa nyama yake nje akalifunika kombe zima, analipiga msasa usiku na mchana. Wewe unasifu mng'aro, kumbe unasifu kazi ya marehemu."

Akanionyesha kombe dogo lenye tundu la duara, safi kabisa, kama limetobolewa na fundi. Nikauliza nani kafanya.

"Konokono mwenzake. Amempanda juu, akamkwangua kwa ulimi wenye meno mpaka akatoboa, akamnyonya."

"Mwenzake kabisa?"

"Mwenzake kabisa. Ukiokota kombe, Faki, kwanza ligeuze uchungulie ndani. Mwenyewe akiwemo, mrudishe majini, mdomo ukiangalia chini. Akiwa hayumo, jiulize alitokaje."

Mambo hayo yalikuwa mazuri sana kuyajua, na wakati ule yalikuwa bado halali.

*

Siku ya kulizindua Jumba, Mwokotaji Mkuu alilishika lile dondo la kovu, akaliinua juu, wapiga picha wakachuchumaa. Hapo kitoto kimoja cha kike cha darasa la pili, ambacho walimu wake walikifundisha kupiga makofi lakini kwa uzembe wao hawakukifundisha kunyamaza, kikasema kwa sauti kali:

"Na mwenyewe yuko wapi?"

Hata waliokuwa na kikohozi walikimeza. Mwokotaji Mkuu akatabasamu, na lile tabasamu lilikaa usoni mwake muda mrefu kuliko kawaida ya matabasamu.

"Mwanangu," akasema, "kombe halina mwenyewe. Kombe huzaliwa tupu, likatulia likimsubiri mwenye macho."

Tulipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto. Kesho yake maneno yale yakatangazwa kuwa ni sayansi. Siku iliyofuata, ile shule ya yule mtoto ilikutwa tupu, madaftari yamo, kengele imo, chaki bado mbichi ubaoni, ikageuzwa ghala la makombe ambayo Jumbani hayakuenea. Tulishangaa sana sote jinsi shule nayo inavyoweza kuzaliwa tupu. Tukashangaa kimoyomoyo.

Basi ikaja amri ya Wizara ya Viumbe na Unadhifu. Vibao vyote Jumbani viandikwe upya. Lisionekane neno konokono, lisionekane neno nyama, na zaidi ya yote lisionekane neno mwenyewe. Mimi nilikwangua kwa wembe chumba kwa chumba, na kazi ilikuwa nzuri, nakuambia, hata alama usingeiona. Nilipofika chumba cha mwisho nikamkuta Bi. Zaituni ameketi kwenye kiti mlangoni, mguu juu ya mguu.

"Hapa hukwangui," akasema.

"Dada, ni maneno tu kwenye kibao."

"Kama ni maneno tu, yanawawasha nini?"

Wembe ulikuwa umeshakuwa butu, nikaenda zangu kunywa chai.

*

Sasa niwaeleze mtaa wetu, maana bila mtaa hamtanielewa.

Maofisa wa Wizara tulikaa mtaa mmoja, kwenye mteremko, na nyumba zimepangwa kwa vyeo. Juu kabisa, kwenye upepo, nyumba ya Waziri, Mheshimiwa Dakta Kirobo, daktari wa heshima wa chuo alichokizindua mwenyewe. Chini yake Naibu Waziri. Chini yake Katibu. Halafu Mkurugenzi Bi. Zaituni, halafu mimi, na chini kabisa, mkabala na jalala, Pandu, msimamizi wa lango la Jumba.

Serikali yetu haimwondoi mtu nyumbani kwake, Mungu apishe mbali. Nyumba hukutwa tupu, tangazo husema hivyo. Asubuhi filimbi ikilia, kila ofisa anatoka na godoro lake kichwani, tunajipanga mstari mkubwa mbele mdogo nyuma, kisha kila mmoja anapanda nyumba moja. Kabla ya chai ya saa nne tumemaliza. Hubebi kingine, maana vingine unavikuta huko huko: masufuria, mapazia, picha za harusi za watu usiowajua. Katibu alipopanda mara ya mwisho alikuta wali jikoni bado unafuka moshi, akaisifu serikali kwa maandalizi.

Nani alikuwa akikaa humo kabla? Hakuna. Na sheria ilikuwa wazi, ilisomwa kwenye redio mpaka watoto wakaiimba: anayeona mtu ndani ya nyumba iliyokutwa tupu, macho yake yanahitajika kituoni. Mwili nao huyasindikiza macho.

Mtaa wa namna hiyo unakufundisha adabu. Humuulizi jirani ameamkaje, unatazama tu kama ameamka. Pandu alikuwa hodari kwa salamu. Kila asubuhi anaitazama nyumba yangu kutoka msingi mpaka paa.

"Bwana Faki, paa halivuji?"

"Halivuji, Pandu."

"Alhamdulillah," anasema, na wallahi alikuwa anashukuru kweli.

*

Bi. Zaituni alikaa na mama yake, Bi. Kidawa. Bibi huyu macho yalikuwa yameshamwacha na miguu iko njiani kumwacha, lakini ulimi ulikuwa umekaa imara. Ijumaa nilikuwa nakula kwao.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Faki. Hujaoa?"

"Bado, mama."

"Unangoja nini? Unangoja upande nyumba yenye mke ndani?"

Bi. Zaituni alicheka mpaka akaweka chini sahani. Mimi nilifunga dirisha kwanza, halafu ndipo nikacheka.

Ijumaa moja alinisindikiza mpaka barazani, akasimama. Waziri alikuwa ametuma habari kwamba anakuja mwenyewe kukagua chumba cha mwisho.

"Faki, kaka yangu, mimi kile chumba sikikwangui. Yule mtoto aliuliza swali, na mimi jibu ninalo. Nililitafuta miaka mingi vyuoni na kwa jua la ufukweni, leo nilimeze kwa sababu fulani amekasirika?"

"Dada, watakukuta tupu."

"Najua. Siogopi langu, namwogopea mama. Mimi nikishakuwa sijapata kuwepo, mama yangu atakuwa mama wa nani? Hataonekana. Atakaa kitandani pale akiita, watu wanapita." Akanishika mkono. "Utamtazama?"

"Usiseme hivyo, dada."

"Nimekuuliza, utamtazama?"

"Nitamtazama."

"Sema wallahi."

Nikasema wallahi. Nilisema haraka, kwa sababu Pandu alikuwa anapita na ndoo ambayo haikuwa na maji.

*

Waziri alikuja na msafara wote, Naibu wake, Katibu, wapambe, na mtu wa kubeba soda. Chumba cha mwisho Bi. Zaituni alikuwa ameweka beseni kubwa la kioo, maji ya bahari na mchanga chini. Ndani yake mlikuwa na kaa wale wadogo ambao mkia wao ni nyama laini iliyojikunja, hawana gamba la kuwatosha, wakaishi kwenye kombe la konokono aliyekufa. Jumbani tulimwita kaa mpangaji. Walikuwemo wa kila kadiri, kila mmoja na kombe lake linalombana.

"Mheshimiwa, karibu. Kabla ya vibao, kuna onyesho dogo."

Akatia kombe kubwa tupu katikati ya beseni.

Kaa mkubwa kuliko wote akalijia, akalizunguka, akalipima mdomo kwa koleo zake. Wengine wakaja mmoja mmoja. Sasa sikilizeni, haya nimeyaona kwa macho yangu: walijipanga. Mkubwa mbele, anayemfuatia nyuma yake, mpaka yule mdogo wa mwisho, kila mmoja amemshika aliye mbele yake. Mkubwa akachomoka akaingia kombe jipya. Wa pili akachomoka akaingia la wa kwanza. Wa tatu la wa pili. Tap, tap, tap, mpaka mwisho, na Waziri soda yake hajaifikisha nusu.

Waziri akasimama juu ya kiti.

"Ndugu wananchi!" akasema, ingawa wananchi tulikuwa ni sisi tu. "Leo tumeshuhudia kwamba utaratibu wa nchi hii umefika mpaka chini ya bahari! Mdudu huyu hajasoma, hana kadi ya chama, hajahudhuria semina hata moja, lakini anajua kupanda kwa zamu, kwa nidhamu na kwa unadhifu! Je, wewe binadamu unayenung'unika, huoni haya mbele ya kaa?"

Tulipiga makofi. Naibu Waziri alifuta chozi, akaagiza yule kaa wa mbele apongezwe, na mpambe mmoja akainama akampongeza.

"Mheshimiwa, onyesho halijaisha," akasema Bi. Zaituni. "Wakishazoea kupanda, na kombe tupu likawa halipo, hawatawanyiki. Wanamchagua mmoja."

Na kweli, hawakuwa wametawanyika. Walimzunguka mmoja wa katikati, wakalitikisa kombe lake, wakaligonga, wakamshika miguu wakavuta. Alishikilia kwa ndani kwa muda. Halafu akatoka, mwekundu, laini, uchi, na kabla hajageuka kombe lake lilikuwa na mtu. Akazunguka beseni lote akigusa mlango wa kila kombe. Hakuna aliyemfungulia.

Ikawa unasikia soda ikichemka kwenye chupa.

"Na huyo aliyetolewa," akasema Waziri taratibu, "anakwenda wapi?"

Dakta Kirobo hakuwa mtu mbaya. Swali lilimtoka tu, kama lingemtoka mtu yeyote mwenye mama. Lakini nilimwona Naibu wake akigeuza shingo, akamtazama ubavuni, halafu akaitazama dari kwa furaha ya ghafla.

"Hilo ndilo swali lenyewe, Mheshimiwa," akasema Bi. Zaituni. "Kuna mtoto aliwahi kuliuliza."

Hapo hakuna aliyepiga makofi.

*

Asubuhi filimbi ililia. Nyumba mbili zilikuwa zimekutwa tupu, ya Waziri na ya Mkurugenzi.

Nilijitwisha godoro langu nikatoka. Usoni niliweka furaha, maana furaha ilikuwa lazima. Tukajipanga. Naibu mbele, Katibu, mimi, Pandu. Hesabu ya mstari ilikuwa rahisi: nyumba mbili zikiachwa, walio chini ya zote mbili wanapanda mbili. Naibu akaingia kwa Waziri. Katibu akaingia kwa Naibu. Mimi nilitakiwa kuingia nyumba ya Katibu, yenye roshani na bomba la maji moto, na Pandu aingie kwa Bi. Zaituni.

Nilipofika mbele ya mlango wa Bi. Zaituni nikasimama.

"Endelea juu, Bwana Faki," akasema Waziri mpya kutoka kileleni, sauti yake imeshapata uzito.

"Mheshimiwa, naona hii inatosha."

Mstari wote ukageuka. Tangu nchi iokotwe, hakuna aliyewahi kuikataa nyumba kubwa. Pandu alitoa macho kama mtu aliyeona ng'ombe akipanda mnazi.

"Inatosha?"

"Magoti, Mheshimiwa. Hayapendi mlima."

"Magoti," akasema Waziri.

"Ndiyo, magoti."

Alinitazama sana. Halafu akaingia ndani. Nyumba ya Katibu ikabaki wazi, mlango unapigapiga kwa upepo, na watu wa mtaa wakawa wanaipita upande wa pili wa njia, kwa sababu nyumba tupu ambayo hakuna aliyeitamani ilikuwa ni jambo geni na la kutisha. Pandu akaingia kwangu. Alikuwa ameshaziona nyumba mbili zikimjia mkononi, sasa amepata moja, na sababu ni mimi.

*

Mlangoni nilikuta kandambili za Bi. Zaituni, zimekaa sawasawa, vidole vimeelekea nje.

"Zaituni?" sauti ikaita kutoka chumba cha ndani.

"Ni Faki, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Zaituni yuko wapi? Nilisikia watu alfajiri. Nikauliza nani, hakuna aliyenijibu, wamepita hapa mbele ya kitanda changu kama mimi ni mto."

"Ametoka, mama."

"Bila kandambili?"

Nikakaa sakafuni pembeni ya kitanda chake. Nililia, sina haja ya kuficha, nikajiziba mdomo kwa pindo la shuka lake. Bi. Kidawa alinyoosha mkono akanipapasa kichwani, hakuuliza tena siku ile.

Nikaanza maisha ya kukaa peke yangu na mtu. Nilipika uji nikaupoza mlangoni kama wangu. Nilinunua mkate mmoja nikala nusu. Redio niliiacha inaimba kutwa ili imfunike, lakini Bi. Kidawa hakupenda redio, alikuwa akiijibu, na sauti yake ilikuwa imezoea nyumba kubwa.

"Bwana Faki," akaniambia Pandu kwenye uzio, "nasikia unaongea na mtu."

"Naongea na redio."

"Redio ndiyo inakuuliza kwa nini huoi?"

"Kuna kipindi cha vijana," nikasema.

Pandu akatikisa kichwa polepole, akaitazama nyumba yangu mpya kutoka msingi mpaka paa. Hakuuliza habari za kuvuja.

*

Wakaguzi wa Utupu walikuja saa sita mchana, siku ya joto. Walikuwa wawili. Mkaguzi Mkuu alikuwa mzee wa suti ya kijivu, mpole, mwenye kofia mkononi. Msaidizi wake alikuwa mtu mzima wa miwani, mkimya, anayetembea hatua moja nyuma ya mkubwa wake na kuitazama sana ile kofia. Nje ya uzio alisimama Pandu, na nyuma yake majirani wengine wa mitaa ya chini, kila mmoja na godoro kichwani. Walisema wanapita tu.

"Nyumba iliyokataliwa nyumba nyingine kwa ajili yake," akasema Mkaguzi Mkuu, "ni lazima ikaguliwe. Utupu wake huenda haujakamilika."

Wakaingia chumba kwa chumba. Wanagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, wanatega sikio, wanatangaza. "Tupu." Jikoni, penye sufuria la uji: "Tupu." Wakafika sebuleni nilipokuwa nimesimama mimi, wakanitazama juu mpaka chini. "Tupu," wakasema pamoja.

Mkaguzi Mkuu akafika mlango wa chumba cha ndani. Akagonga.

"Karibu!" akasema Bi. Kidawa.

Mkaguzi Mkuu aliinua macho kwenye dari. Msaidizi akafuta miwani.

"Nyumba tupu huvuma," akasema Mkaguzi Mkuu.

"Huvuma sana," akasema msaidizi.

Wakanigeukia wote wawili, wakangoja.

"Huvuma," nikasema.

"Basi chumba kinachovuma hupigwa misumari," akasema Mkaguzi Mkuu, "ili utupu usimwagike ukaharibu vyumba vingine. Ni utaratibu tu. Dirisha limeshapigwa?"

Msaidizi alikuwa ameshalipiga kwa nje kabla hawajaingia. Sikuwa nimesikia kwa ajili ya redio. Nikapewa misumari niishike kwenye kiganja, niwe nampa Mkaguzi Mkuu mmoja mmoja, na nilishika. Sijui kwa nini nilishika. Mkono ulikuwa umeshafundishwa.

Pigo la kwanza likatua mlangoni.

"Karibu!" akasema Bi. Kidawa.

Pigo la pili.

"Karibuni, jamani! Mlango uko wazi, mbona mnabisha hivyo? Ni wewe, Zaituni? Ingia, mwanangu, nani kakuzuia?"

Mkaguzi Mkuu alikuwa anapiga na jasho linamtoka masikioni. Kila nyundo ikishuka, sauti inamkaribisha, inamwambia asione haya, inamwambia kuna uji. Kwenye msumari wa nne nyundo ikakosa kichwa ikampata dole gumba. Alitoa yowe.

"Pole, mwanangu," akasema Bi. Kidawa.

"Ahsante, mama," akasema Mkaguzi Mkuu.

Lilimtoka tu. Nani hajibu akipewa pole? Alikuwa amelelewa vizuri, huo ndio msiba wake.

Nyundo ilining'inia. Msaidizi akavaa miwani yake, akaipandisha kwa kidole, na kwa mara ya kwanza akapiga hatua moja mbele.

"Mzee," akasema kwa heshima kubwa, "umemjibu nani?"

"Nimejibu?"

"Umesema ahsante. Na umesema mama."

"Ni dole, bwana. Maumivu. Mtu husema lolote."

"Bwana Faki," akasema msaidizi bila kuniangalia, "wewe umesikia nini?"

"Nyumba inavuma tu, bwana," nikasema.

Akatabasamu, nami nikalijua lile tabasamu, lilikaa muda mrefu. Akaichukua nyundo mkononi mwa mkubwa wake, taratibu, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu, akaupiga msumari wa mwisho yeye mwenyewe, pigo moja, sawasawa. Kisha akachukua na kofia. Wakatoka, msaidizi mbele, Mkaguzi Mkuu hatua moja nyuma, ananyonya dole lake, hatazami mtu. Nyundo waliiacha sakafuni, kwa kuwa msaidizi alikuwa na haraka ya kupanda.

Nikabaki mimi na ule mlango.

Kupitia dirisha la sebule niliwaona wa nje. Hawakuondoka. Pandu alikuwa mbele kabisa, amesogea mpaka ameuegemea uzio, anatafuna kijiti, sikio limeelekea kwangu. Jua lilikuwa juu ya utosi. Chumba cha ndani hakikuwa na dirisha tena, wala upepo, wala maji.

"Nani huyo hapo mlangoni?" akauliza Bi. Kidawa. "Nasikia mtu anapumua."

Nikataka kusema ni mimi. Nikamwona Pandu ameacha kutafuna.

"Hakuna mtu, mama," nikasema.

Nilisikia kitanda kikilia, anajaribu kujigeuza upande wa mlango.

"Basi ingia hivyo hivyo, Faki," akasema. "Nina kiu."

Niliinama nikaiokota nyundo, nikaingiza meno yake chini ya msumari wa kwanza, nikavuta kwa mikono miwili. Ulitoka kwa kelele, kelele kubwa kuliko nilivyodhani. Nje maneno yote yakakoma. Nikashika msumari wa pili.